Nafasi Kidogo Kwapa la Kushoto

Mwanangu Nyamizi,

Barua hupaswa kuanza kwa kuulizana hali. Mimi sikuulizi kwa sababu nakusikia. Uko chumbani na mama yako mnagombana na zipu ya begi, na yeye ameshasema mara tatu kwamba unga wa muhogo hauwezi kumdhuru mtu kwenye ndege. Mimi nimekaa barazani kwetu kwenye cherehani ya nyumbani. Koti lako limekwisha tangu asubuhi, nimelitundika kwenye msumari, na kila anayepita barabarani Jumapili hii anadhani bado nashona. Sishoni. Naandika, na nimekasirika, na nakuomba usome mpaka mwisho hata kama mwanzo utakuudhi.

Mambo ya baridi, ya chakula, ya kujilinda na watu usiowajua, mama yako ameyamaliza, na mengine ameyarudia. Uholanzi sijafika na wala sijui udongo mnaokwenda kuusoma huko una nini kuliko wa kwetu Puge. Ninachokijua vizuri ni makosa yangu, na hayo nimeyafanyia hapa hapa Tabora, kwa mikono hii hii iliyokusomesha.

Nianze na la karibu. Jumatano ulisimama mbele ya kioo chenye ufa nikakupima koti. Bega, mkono, kifua, urefu. Nilipofika ubavuni ukasema, "Baba, acha nafasi kidogo kwapa la kushoto." Nilikuwa nimebana pini mdomoni, nikaitikia kwa kichwa. Kesho yake nikakuuliza kwa nini. Ukasema ni kwa sababu ya sweta utakalovaa ndani, ukacheka, ukaenda dukani kununua vocha.

Nyamizi, sweta lina mikono miwili.

Maneno yale niliwahi kuyasikia. Aliyasema shangazi yako Kalunde, mdogo wangu wa pekee, amesimama pale pale, kwenye kioo kile kile kabla hakijapata ufa. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Alileta kitenge, anataka gauni la kwenda nalo harusini. "Kaka, acha nafasi kidogo kwapa la kushoto," alisema. "Na usiniulize."

Nikamtii kwa yote mawili. Nilizungusha futi kamba, ikapita juu ya kitu kigumu kama kokwa la embe. Alinitazama kwenye kioo, nami nikaangalia chini, nikaandika namba kwenye daftari, nikaongeza inchi moja upande mmoja tu, jambo ambalo hakuna fundi anayelifanya bila sababu. Halafu nikashona gauni zuri kuliko yote niliyowahi kushona. Niliweka marinda madogo begani, nikapanga ua la kitenge likae juu ya mshono, ukitazama huoni kwamba upande mmoja ni mpana kuliko mwenzake. Harusini watu walimsifu. Waliniulizia na mimi, nikapata wateja wapya. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne, ulicheza naye ngoma siku ile, bila shaka unakumbuka. Miezi tisa baadaye nilimshonea gauni la kuzikwa, na hilo halikuhitaji nafasi popote, maana alikuwa amebaki mifupa.

Tukakwambia ni presha.

Mwanangu, hakufa kwa presha. Alikufa kwa saratani ya titi, na kabla yake mama yangu alikufa kwa hiyo hiyo. Mama yangu, bibi yako ambaye nilikupa jina lake nikaanza kukuita "mama" tangu uko mgongoni. Wakati ule nilikuwa kijana nafunzwa cherehani mjini, nikaitwa Puge, nikakuta chumba kinanuka na watu wananong'ona kwamba ni kidonda cha kurogwa. Tulimtafuta mchawi, na mchawi hakosekani ukimtafuta. Tukampata jirani, mwanamke mjane mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni. Hatukumgusa, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini hakuna aliyemsalimia tena. Watoto wake wakanyimwa maji ya kisima chetu, mpaka akahama. Na mimi nilikuwa mmoja wa walioacha kumsalimia. Nikikutana naye leo sijui nitaanzia wapi. Methali ya mficha maradhi na kifo kumuumbua tunaisema kila msiba, tunatikisa vichwa, halafu tunarudi nyumbani kuficha.

Sasa nije kwenye kosa lililokuhusu wewe moja kwa moja.

Mwaka jana ulipotolewa ule uvimbe kule Dar, wakasema hauna ubaya, tulimshukuru Mungu tukachinja kuku. Lakini daktari wako hakuridhika. Kwa umri wako akataka damu yako ipelekwe nje ikapimwe, waone kama kuna kitu cha kurithi. Ukanipigia simu. Naikumbuka saa ile: nilikuwa dukani, mteja amesimama na suruali ya mumewe, na wewe unaniuliza, "Baba, wanauliza kama kwenye ukoo wetu kuna aliyeugua saratani ya titi." Nikakujibu hapo hapo, bila kupumua. Nikasema, "Kwetu hakuna. Muulize mama yako upande wake."

Kwa nini nilisema hivyo? Nimejiuliza siku hizi nne, na kila jibu linanitia hasira. La kwanza, nilidhani titi ni mambo ya kike, linapita kwa mama kwenda kwa binti, na mimi baba sina changu humo. La pili, niliwaza mtu atakayekuja kukuposa akisikia ukoo wetu una ugonjwa fulani atageuza njia. La tatu, Kalunde alisema nisimuulize, na mimi nikaona kutokuuliza ni heshima. Kwa hiyo daktari wako akaandika kwamba upande wa baba ni safi. Aliandika uongo wangu kwa mwandiko wake mzuri.

Majibu yakarudi. Ukaja nayo Krismasi, ukanisomea hapa hapa barazani: limeonekana badiliko kwenye jeni mojawapo, na maana ya badiliko hilo haijulikani. Ukacheka. "Wao wenyewe hawajui, Baba. Basi mimi niumize kichwa cha nini?" Ukaikunja karatasi ukaitia kwenye kitabu. Ulitakiwa kurudi kuangaliwa baada ya miezi sita. Hukurudi. Mimi nilijua hukurudi, na nitakuambia kweli ingawa inaniuma kuiandika: nilifurahi. Kwetu kisichojulikana huwa tunakihesabu kwamba hakipo, na nilifurahi kwamba Wazungu nao wamefanya kama sisi.

Basi Ijumaa, baada ya ile habari ya sweta, nikafunga cherehani nikaenda kumwona daktari hapa mjini. Ni binti mdogo, anakuzidi miaka michache tu. Alinipa shikamoo, akanipa kiti, nikamweleza yote mpaka gauni la Kalunde. Alinisikiliza bila kuandika. Halafu akauliza, "Mzee, nani alikwambia hiki kinarithiwa kwa mama tu?"

Nikamjibu, "Kila mtu."

Akanieleza polepole kama anavyoelezwa mtoto, na nilistahili. Mtoto hupata nusu kwa baba na nusu kwa mama. Baba anaweza kubeba kitu hicho maisha yake yote, asiumwe hata siku moja, akakipitisha kwa binti. Si lazima kipite. Ni kama kurusha shilingi. Na ukipata si lazima uugue, ila hatari yako inakuwa kubwa kuliko ya wengine, na ndiyo maana unaangaliwa mapema na mara kwa mara. Nilikaa nikitazama mikono yangu. Miaka yote nimejua kwamba nimekurithisha pua hii na ukaidi, kumbe huenda na hiki, na nilipoulizwa nikasema kwetu hakuna.

Nikamuuliza lililokuwa linanikera zaidi. Kwa nini mwanamke wa Ulaya akipima anaambiwa unacho au huna, na wa kwetu anaambiwa haijulikani? Damu yetu imeandikwa kwa wino gani?

Akasema jeni ni zile zile kwa watu wote duniani. Yanayotofautiana ni mabadiliko yake. Kuna sehemu za dunia watu walioana wenyewe kwa wenyewe vizazi vingi, badiliko moja likaenea, likajulikana, siku hizi wanalitafuta moja kwa moja. Sehemu nyingine yapo mengine. Ili ujue kama badiliko fulani linaleta ugonjwa au ni tofauti ya kawaida tu isiyo na madhara, inabidi ulilinganishe na watu wengi, wagonjwa na wazima. Na waliopimwa wengi ni wa Ulaya na Marekani. Wa kwetu ni wachache mno. Hata kusema kwamba ugonjwa huu kwetu ni mchache au ni mwingi, akasema, tunasema kwa kukisia, maana wengi wanakufa majumbani kwa majina mengine.

"Kwa presha," nikasema.

"Kwa presha, kwa kurogwa, kwa kidonda," akasema.

Hapo nilimwelewa kabisa, kwa sababu ni kazi yangu. Unakumbuka zile karatasi za kukatia nguo nilizowahi kununua, zimetoka Ulaya, zina kipimo kidogo, cha kati na kikubwa? Nilikata magauni sita kwa kuzifuata. Hakuna hata moja lililompita mwanamke wa Tabora nyonga. Karatasi hazikuwa mbovu. Zilipimwa kwa wanawake wengine. Mimi nilizitupa nikarudi kwenye daftari langu lenye vipimo vya wanawake wa hapa, maelfu, miaka thelathini. Sasa kwenye ugonjwa huu, daftari letu liko wapi? Nani aliandika? Nilikuwa na daftari mkononi, Kalunde amesimama mbele yangu, nikaandika inchi nikaacha kuandika sababu.

Kwa hiyo nawakasirikia wakubwa wa dunia waliojipima wenyewe wakatuacha, na nina haki. Lakini hasira hiyo ikifika nusu ya njia inageuka na kunitazama mimi, maana mmoja wetu alipoulizwa kwa simu, saa nne asubuhi, bure, alisema hapana.

Bwana Kanti, Mhindi mwenye duka ninaloshonea siku za kazi kwenye baraza lake, nilimgusia jambo hili bila kukutaja. Nilidhani watu wake wanaoishi Uingereza hupata majibu ya Wazungu. Akacheka kwa pua. Binti wa dada yake naye aliambiwa haijulikani. "Fundi, hata sisi kitabu chetu chembamba," alisema. Lakini yule binti hakuacha kwenda kuangaliwa. Wakawaita shangazi na binamu wapimwe, na baada ya miaka mitatu ikaja barua nyingine kumweleza kilichokuwa hakijulikani. Shika hilo, Nyamizi. Haijulikani maana yake ni bado. Haina maana ya hakuna, na wala haina maana ya ndiyo.

Daktari akaniambia kinachotakiwa: majina ya waliougua upande wangu, walikuwa na umri gani, walikuwa nani kwa nani. Nikatoka pale nikajikuta simjui mtu. Wazee wa Puge niliowapigia simu walinijibu kama mimi nilivyokujibu wewe. Mmoja alisema bibi alikufa kwa uzee. Bibi mzaa mama yangu hakufika uzee, hilo nalijua hata mimi niliyekuwa natambaa.

Jana asubuhi ndipo nikakumbuka nani anajua, nikatamani nisingekumbuka.

Unamjua Bi Tatu, yule Mzaramo wa nyuma ya stesheni. Ulishawahi kuniuliza kwa nini sisi na yeye tunasalimiana kutoka ng'ambo ya barabara kama watu wanaoogopa mbwa. Ni mtani wetu. Sisi na Wazaramo tunataniana tangu enzi za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wanashuka pwani na mizigo na kupita kwao. Mama yake Bi Tatu alifanya utani kwenye misiba ya ukoo wetu, na yeye akaurithi. Unajua kazi ya mtani msibani: anawachokoza wafiwa wasizame, analala kaburini mpaka apewe kuku, na anamwigiza marehemu, alivyotembea, alivyokula, alivyonuna.

Kwenye msiba wa Kalunde alijifunga kitenge, akapita katikati ya waombolezaji huku mkono wa kushoto ameuweka mbali na mbavu, kama mtu aliyebeba yai kwapani. Akasema kwa sauti, "Wanyamwezi nyie ni wapagazi tu. Mnabeba mnabeba, hamuulizi kwenye mzigo mna nini." Watu wakacheka na kulia kwa pamoja, ndivyo inavyotakiwa. Mimi niliinuka nikamshika bega nikamtoa nje ya uwanja. Mtani hakasirikiwi, Nyamizi. Wazee waliona aibu mpaka wakainamisha vichwa. Wakaniambia nikampe kuku nimwombe radhi. Nikakataa, nikasema amemdhalilisha dada yangu. Kumbe katika watu wote waliokuwa pale, sisi tulikuwa tunasema presha, na yeye peke yake alikuwa anaonyesha mahali palipouma.

Miaka kumi na moja nimeishi na kuku yule ambaye sikumtoa. Jana nikamnunua, jogoo mwekundu, nikamkumbatia mpaka nyuma ya stesheni.

Alinikuta mlangoni, akamtazama jogoo, akanitazama mimi. "Huyu amezeeka kwa kungoja," akasema. Akampokea. Hakuniambia nikae. Nikamweleza nilichofuata, kwamba binti yangu anaondoka, na madaktari wanataka kujua walikufaje watu wetu, na sisi wenyewe hatujui.

"Hamjui?" akasema. "Mimi nawajua wote. Nimewabeba mgongoni."

Ana goti bovu siku hizi, lakini akainuka. Akamwigiza bibi mzaa mama yangu kama alivyofundishwa na mama yake, mwanamke anayetwanga kwa mkono mmoja, mwingine ameuning'iniza mbali na ubavu. Akamwigiza mama yangu. Sijui nikuelezeje. Alikuwa mama yangu kabisa, kikohozi chake, namna ya kuvuta kanga mbele ya kifua, na mkono ule. Akamwigiza Kalunde. Mkono ule ule. Nimekata mikono ya nguo maisha yangu yote. Mtu akiweka mkono vile mimi huona kwapa la nguo linavyotakiwa kukatwa. Watu watatu, kipimo kimoja. Nikalia mbele ya yule mwanamke na jogoo wake.

Hakunibembeleza. Akaketi akaniambia mengine mawili. La kwanza, marehemu mjomba wangu alikufa mzee, mzima wa mwili, lakini binti yake Shija, aliyeko Lusu, alikatwa titi miaka miwili iliyopita, na watu wote wanaambiwa alipigwa pembe na ng'ombe. Bado yuko hai. Nikafikiri: mjomba naye alibeba kimya kimya kama mimi, kikamtokea bintiye. La pili, bibi yake bibi yangu hakuwa Mnyamwezi. Aliletwa na msafara kutoka Umanyema, ng'ambo ya ziwa, akiwa mtoto, hakuja kwa hiari yake, akaachwa hapa. "Hilo nalo mmelificha," Bi Tatu akasema, "mkasema mmetoka Puge tangu dunia iumbwe."

Basi, mama, huko uendako utapewa fomu, na kwenye asili yako utakuta kibokisi kimoja kimeandikwa Mwafrika. Utakitia alama kwa sababu hakuna kingine. Mimi nakereka nikikifikiria kibokisi kile, kana kwamba watu wa Puge na wa Umanyema na wa Dakari ni nyumba moja yenye choo kimoja. Lakini mimi nami niliandika Mnyamwezi maisha yangu yote nikaishia hapo. Barabara hii ya mjini kwetu ilipitisha watu wa kila upande, wengine wakiwa na kamba shingoni, na walibaki ndani yetu. Waambie hivyo. Waambie bibi yake bibi mzaa mama wa babako alitoka ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Wakikushangaa waache washangae, ila waandike.

Nilipoaga, nilimuuliza Bi Tatu kwa mzaha, kupoza mambo, siku yangu ikifika ataniigizaje. Sikutegemea jibu la haraka hivyo.

"Wewe rahisi," akasema. "Nitakaa kwenye kiti, nibane pini mdomoni, niitikie kwa kichwa."

Nimetembea na maneno hayo tangu jana. Leo nimezitoa pini. Zimo kwenye kikopo hapa mbele yangu.

Sikiliza ninachotaka. Una siku nne Dar kabla ya ndege. Daktari wako nimempigia mwenyewe jana mchana. Namba nilimwomba mama yako, na mama yako anajua yote sasa, ndiyo maana leo anagombana na kila zipu. Nimemwambia daktari kwamba nilidanganya. Hakunigombeza, ingawa ningependa angenigombeza. Anakungoja Jumatano asubuhi akuangalie. Mimi mwenyewe nitashuka wiki ijayo nitoe damu, waone kama badiliko lako limetoka kwangu. Kama limetoka kwangu, basi vifo vile vitatu vinakuwa vimesema neno. Jumanne naenda Lusu kwa Shija. Sijui kama atanifungulia mlango. Nitakwenda mimi, bingwa wa zamani wa kunyamaza, nikamwambie kwamba damu yake inaweza kukusaidia wewe na mabinti zake, na kwamba mimi mtu wa mwisho mwenye haki ya kumsema kwa kuficha ndiye niliyekuja kumwomba aseme.

Huenda kwapani kwako hakuna kitu. Huenda kweli ni sweta, na mimi ni mzee mwenye woga niliyekuharibia safari. Natamani iwe hivyo. Utanicheka kwa simu, na nitakuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Tabora. Lakini ukinikasirikia kwa sababu sikukwambia mapema, usiimeze hasira hiyo kwa ajili ya heshima. Heshima ya namna hiyo nimeiona inakoishia. Nipigie unigombeze. Nitashika simu mpaka umalize.

Ndani ya koti, kwenye bitana, upande wa moyo, nimekushonea mfuko. Humo kuna karatasi niliyoandika kwa mkono wangu: majina yao, umri wao, nani alimzaa nani, na aliyoyaonyesha Bi Tatu. Juu kabisa nimeandika jina langu. Mpe daktari wa Dar, na wa huko Uholanzi pia, waingize kwenye kitabu chao hata kama ni mstari mmoja.

Na koti lenyewe nimelishona sawa kwa kipimo chako, kushoto na kulia, sikuacha nafasi uliyoiomba. Likikubana kwapani, mama, usitafute fundi.

Baba yako